Taa ya Gari Namba Nne

Gurudumu lilishushwa kutoka nyuma ya pikapu, na halikudunda. Liligonga sakafu ya karakana kwa mlio wa chuma, likalala hapo kama mtu aliyezimia. Ubavu wa tairi ulikuwa umepasuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nyuzi zimechomoza nje, mpira umekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Mama Upepo aliinama akatazama valvu. Ilikuwa na kifuniko cha plastiki cha njano, na mji mzima hapakuwa na fundi mwingine aliyefunga vifuniko vya njano.

"Ni yetu hii," alisema.

"Ndiyo maana nimeileta." Mkuu wa Usafiri wa hospitali alikuwa bado amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Ni ya gari namba nne. Imepasuka Jumanne usiku pale mteremkoni, na ndani kuna mama wa watu yuko kwenye uchungu."

Mama Upepo aliinuka. "Yuko wapi huyo mama?"

"Mzima. Na mtoto mzima, kazaliwa palepale kando ya barabara, muuguzi kapiga magoti kwenye kokoto. Ni Mungu tu. Lakini ambulansi ilizunguka, mama. Ingekwenda kulia badala ya kushoto, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Nje pikipiki ilipita, ikaacha moshi.

"Tairi zile nne alizifunga marehemu," Mkuu aliendelea, akiongea na kofia yake zaidi kuliko na mwenye karakana. "Miezi minane iliyopita. Kamati inakaa Ijumaa na inataka sababu. Dereva anaapa taa ya upepo kwenye dashibodi haikuwaka. Sasa kama taa haikuwaka, ina maana upepo ulikuwepo. Na kama upepo ulikuwepo na tairi limepasuka..."

"Ufungaji ulikuwa mbovu," Mama Upepo akammalizia.

"Sijasema mimi."

"Lakini itaandikwa."

"Itaandikwa. Na jina lake litaandikwa."

"Dereva nani siku hiyo?" Alikuwa anajua. Aliuliza ili alisikie.

"Shemeji yako. Mdogo wake marehemu."

Mama Upepo alilisimamisha gurudumu, akaliegemeza kwenye goti lake. "Niachie hili mpaka Ijumaa, Mkuu. Kama kosa ni la mume wangu nitakuja kuliandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

Mkuu akavaa kofia yake, akaondoka.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa kukunja. Kushoto kulikuwa na kompresa, kulia rafu za matairi, katikati mashine ya kufungulia, na kando yake beseni la maji la kutafutia pancha. Nje, ukutani, kwa rangi ya samawati, palikuwa pameandikwa BWANA UPEPO – MATAIRI, herufi zote zikiinamia kulia kana kwamba zinakimbilia kona ya nyumba. Aliyaandika marehemu mwenyewe. Jina lilianza kama utani, kwa kuwa alikuwa mwembamba mno, na wateja wakimuuliza kama haogopi kupeperushwa na mpira wa kompresa yake. Yeye akalipenda, akalipandisha ukutani.

Miaka kumi na tisa mkewe alifanya kazi ubavuni mwake. Mwanzo alikuwa akileta chakula. Kisha akawa anashika tochi. Kisha akashika mtaimbo, na kufikia mwaka wa tatu alikuwa anasawazisha magurudumu upesi kuliko mumewe, naye mumewe akiwaambia wateja, "Mimi nilikuwa natafuta mke tu, jamani. Fundi nimempata kwa bahati mbaya."

Alifariki Jumapili moja baada ya chai, mkono bado uko kwenye kikombe. Sasa ulikuwa mwezi wa saba.

Mama Upepo aliliweka gurudumu kwenye mashine, akalitoa tairi kwenye rimu taratibu, upande kwa upande. Mumewe alikuwa na desturi moja ambayo wateja hawakuijua. Kabla ya kufunga tairi aliandika ndani yake kwa chaki ya nta ya njano, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika mpaka tairi lifunguliwe tena: tarehe, kiasi cha upepo kinachotakiwa, na mstari mmoja wenye mkunjo mwishoni, kama mkia wa paka aliyeshiba.

"Nani atasoma huko?" aliwahi kumuuliza.

"Fundi atakayelifungua."

"Na kama fundi mwenyewe ni wewe?"

"Basi nitajisuta."

Tairi likaachia. Alielekeza tochi ndani, na mkono wa mumewe ulikuwa pale. Tarehe. *Hamsini*. Mkunjo. Ilibidi avute kigoda akae.

Alipopata pumzi alitazama tena, safari hii kwa jicho la fundi. Nusu ya maandishi ilikuwa imefutika. Kuzunguka ndani yote, kwenye mbavu, kulikuwa na mduara wa mpira uliosagika, na chini yake unga mweusi, mlaini kama masizi ya taa. Alichota kidogo kwa kidole, akausugua. Unga ule aliujua. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hujikunja kila linapozunguka. Hujisugua lenyewe kwa lenyewe, hupata moto, hujisaga kutoka ndani, na kwa nje hutaona kitu mpaka siku linapoachia. Unga wa namna ile si wa siku moja wala mbili. Karibu na ukingo akakuta na msumari, mdogo kama wa kiatu.

"Hukulifunga vibaya," alisema kwa sauti. Kompresa ilinguruma kidogo ikazimika, kama ilivyozoea.

Kwa hiyo upepo haukuwepo, na kwa wiki nyingi. Lakini kama haukuwepo, mbona taa haikuwaka?

Ule mfumo wa taa alifundishwa mezani, nyumbani, kwa sahani na kisosi. Mumewe alikuwa amevisimamisha kwa ukingo, mkono huu sahani, mkono huu kisosi, akavibingirisha kutoka kwenye sufuria hadi kwenye chumvi.

"Hesabu," alimwambia. "Sahani imezunguka mara ngapi? Kisosi mara ngapi? Njia ni moja, lakini kidogo lazima kizunguke zaidi. Tairi likipungua upepo linakaa chini, linakuwa kisosi. Sasa haya magari ya hospitali hayana kitu chochote ndani ya tairi cha kupima upepo. Yana kompyuta inayohesabu mizunguko, basi. Ikiona gurudumu moja linazunguka kuliko wenzake, inawasha taa. Ni gari linalokisia, mke wangu. Halipimi, linakisia."

"Na yakipungua yote manne?"

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Ndiyo maana sikuwahi kukuajiri. Ungenifukuza kazi."

Jioni ile, Mama Upepo alimpitia mama mkwe wake, akamkuta ameketi kitandani, taa haijawashwa. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Nasikia wanamsema mwanangu," kikongwe alisema.

"Yupi, mama?"

"Ndiyo hilo. Ninao wawili, aliyelala na anayeendesha gari." Alikunja upande wa kanga yake, akaukunjua. "Nenda ukaupate ukweli, mwanangu. Ila usije ukaniambia kwamba mmoja kamzika mwenzake mara ya pili."

Alfajiri ya Alhamisi, kabla magari hayajatoka na matairi bado ni baridi, Mama Upepo alifika kwenye yadi ya ambulansi akiwa na geji yake mkobani. Upepo hupimwa asubuhi. Gari likishatembea, tairi hupata joto, na joto hupandisha kipimo likamdanganya mtu. Kulikuwa na magari sita meupe yamepangwa chini ya paa la bati, namba nne likiwa na gurudumu la akiba, na madereva wa zamu mbili, wanaotoka na wanaoingia, wamesimama na vikombe vya chai.

"Karibu, Mama Upepo!" aliita dereva mmoja mnene, aliyepewa jina la Kiyoyozi kwa vile hakuna aliyewahi kumwona ametoka jasho. "Umekuja kutupuliza?"

"Wewe ukipulizwa kidogo tu utapasuka."

Wenzake wakaangua kicheko. "Kapatikana leo!" mmoja alisema.

Alikaa kwenye benchi la mbao akawaangalia wakikabidhiana. Ilikuwa kazi ya watu wanaojiheshimu, na ilimpendeza. Anayetoka alifagia sakafu ya gari, akafuta kioo, akakunja shuka la machela. Kisha akapanda, akawasha, akapitisha mkono chini ya usukani, akatulia kama mtu anayehesabu moyoni, akashuka, akampa mwenzake funguo kwa mikono miwili. Gari la kwanza. La pili. La tatu. Na kila mmoja alipitisha mkono pale chini ya usukani.

Mama Upepo alisimama. "Kiyoyozi, baba, unabonyeza nini hapo?"

"Kile kitufe cha taa ya tairi. Unakishika mpaka taa ipepese mara tatu, inatulia. Tunasafisha dashibodi."

"Kila asubuhi?"

"Kila makabidhiano. Hapa, mama, gari halikabidhiwi na taa inayowaka. Ni dharau. Ni kama kumpa mtu mtoto hujamfuta makamasi."

"Iwe imewaka au haijawaka?"

"Imewaka, haijawaka, unasafisha. Usafi hausubiri uchafu."

Alitoa geji, akachuchumaa kwenye gari lililokuwa karibu. Thelathini na nane. Gurudumu la pili: thelathini na nane. La tatu: thelathini na saba. La nne: thelathini na nane. Alikwenda gari la pili, na la tatu, hadi la sita, magoti yakilowa maji yaliyobaki kwenye saruji. Hakuna gurudumu lililofika arobaini. Yote yalitakiwa hamsini, na hakuna taa hata moja iliyokuwa ikiwaka. Magari sita ya visosi vitupu, yamepangwa, yanang'aa.

Madereva walikuwa wameacha kucheka.

"Nani aliwafundisha hicho kitufe?" aliuliza.

Walitazamana. Kiyoyozi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Marehemu. Alikuwa anakuja Jumatatu na geji yake, hakuna aliyemwita. Anapima yote, anajaza, halafu anatuambia, haya, bonyezeni. Tukawa tunabonyeza. Alipoondoka..."

"Mkaendelea kubonyeza."

"Ilikuwa kama kumkumbuka, mama."

Mama Upepo alitazama pembeni. Jumatatu. Miaka yote ile mumewe alitoka Jumatatu alfajiri na kurudi na mikate, naye alidhani alikuwa anakwenda kununua mikate tu. Hakuwahi kusema. Baada ya mazishi yeye alifunga karakana siku arobaini, akafungua, akangoja kazi zije mlangoni. Na huku upepo ukawa unatoka pole pole, paundi moja, paundi mbili kila mwezi, kama unavyotoka kwenye tairi lolote zima.

"Sikilizeni," aliwaambia. "Kile kitufe hakizimi taa tu. Kinaliambia gari: hivi ulivyo sasa ndivyo sawa, shika hapo. Ukijaza kwanza ukabonyeza, limeshika hamsini. Ukibonyeza bila kujaza, limeshika njaa yake. Kesho likipungua tena, mnabonyeza tena, linashika njaa mpya. Nyie mmekuwa mnaliamrisha lisahau."

Kikombe kikawekwa kwenye benchi, na mtu mwembamba aliyekuwa nyuma ya wenzake akatoka nje ya yadi.

Alimkuta shemeji yake kwenye ukuta wa nyuma, karibu na bomba la kuoshea magari. Kwa pembeni alifanana na kaka yake kiasi cha kumfanya mtu asimame ghafla.

"Iliwaka, sivyo?" alimuuliza.

"Asubuhi tatu." Alikuwa anaangalia maji yanavyodondoka. "Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nikabonyeza mara zote tatu. Shemeji, mimi sikujua. Nilidhani inasumbua tu."

"Hilo ni kutokujua, sina neno nalo. Lakini baadaye ulijua, ukasema haikuwaka."

"Waliponiuliza, nilikuwa bado natetemeka. Ikanitoka. Ikishatoka utairudishaje? Nikasema, kaka amelala, haitamuuma. Mimi nikipoteza kazi, mama anakula nini?"

Mama Upepo angeweza kumwambia mengi, na mengine yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akayarudisha.

"Amelala, kweli," alisema. "Lakini jana nimefungua lile tairi nikamkuta ndani. Ameandika hamsini, ameweka na mkunjo wake. Kesho nitaiambia kamati kuhusu unga wa mpira na kitufe. Asubuhi zako tatu sitazisema. Hizo si zangu."

Akamwacha pale na bomba lake, akarudi kuyajaza magari kwa kompresa ya yadi.

Ijumaa, chumba cha mikutano cha hospitali kilikuwa na meza ndefu, viti vigumu na sinia la chai katikati. Walikuwa watu watano, wakiongozwa na Daktari Mkuu, mama mwenye miwani ya kamba na sura isiyopoteza muda. Mkuu wa Usafiri alisoma ripoti yake. Ilipofika kwenye jina la marehemu, alilisoma haraka, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Fundi, una la kusema?" Daktari aliuliza.

Mama Upepo alisimama. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, na sasa maneno yote yalikuwa yamemkimbia. Macho yake yakaangukia sinia.

"Naomba sahani moja," alisema. "Na kisosi."

"Mama, hivyo ni vyombo vya hospitali."

"Sitavivunja, Daktari. Vyombo ndiyo kazi yangu leo."

Akatoa chaki ya njano mfukoni, akaweka nukta moja kwenye ukingo wa kila kimoja, akavibingirisha mezani kutoka kwa mhasibu hadi kwa muuguzi mkuu, huku kamati nzima ikihesabu nukta kwa midomo kama watoto wa darasa la kwanza. Sahani ilizunguka mara mbili, kisosi mara tatu na zaidi. Akawaeleza gari linalokisia. Akawaonyesha ule msumari. Akawaeleza unga mweusi, akaufungua kwenye karatasi, wakauchota kila mtu na kidole chake. Akaeleza kitufe, na usafi wa dashibodi, na Jumatatu za mumewe ambazo hakuna aliyemtuma.

"Sasa, Daktari, nikikupa visosi vinne vinavyolingana, gari litawasha taa kwa sababu gani?"

Daktari alivua miwani. "Kwa hiyo taa haikuwaka kwa sababu yote yalikuwa chini."

"Ndivyo ilivyokuwa kwa magari yale mengine."

"Na namba nne? Lilikuwa na msumari. Hilo moja lingeshuka kuliko wenzake."

Mama Upepo alifunga karatasi yake ya unga. Alikuwa amejua kwamba swali hilo litakuja, na alikuwa amejua kwamba hatalijibu.

Kiti kilivutwa karibu na mlango, walikokalishwa mashahidi.

"Iliwaka," alisema shemeji. Alikuwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Iliwaka asubuhi tatu na mimi nikaizima. Nilisema haikuwaka, nilisema uongo. Kaka yangu hakuwahi kufunga tairi vibaya hata siku moja. Mimi baiskeli yangu ya kwanza alinifungia yeye, na sikupata pancha mpaka nilipoiuza. Andikeni jina langu."

Daktari alivaa tena miwani yake. "Utapewa barua ya onyo," alisema, "na mwezi mmoja hutashika usukani, utaosha magari. Ungeyasema haya Jumanne, usingepata hata barua." Kisha akamgeukia Mama Upepo. "Dawa yake ni nini? Nikiwakataza kubonyeza, mwaka kesho watakuwa wamesahau."

Hapo Mama Upepo alitoa boksi dogo mkobani. Lilikuwa limekaa kwenye rafu nyuma ya mipira ya ndani, halijafunguliwa. Marehemu aliliagiza miezi miwili kabla ya kufariki, akalizungusha mkononi kama mtoto mwenye zawadi, akasema siku moja atawaonyesha watu wa hospitali. Ndani mlikuwa na vihisi vinne, kila kimoja kikubwa kama kiberiti, kimeshikamana na valvu yake, pamoja na kioo kidogo cha kubandika kwenye dashibodi.

"Hivi vinakaa ndani ya tairi," alisema. "Havikisii, vinapima. Kila kimoja kina betri yake na namba yake, kinatuma kwa redio: mimi nipo nyuma kushoto, upepo wangu huu, joto langu hili. Mimi nakiambia kioo sawa ni hamsini, na ikifika arobaini na mbili piga kelele. Dereva hana kitufe cha kukinyamazisha. Ukitaka kinyamaze, jaza upepo."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Daktari alitabasamu. "Kinanifaa hata kwa wauguzi wangu. Anza na namba nne."

Alianza Jumatatu. Aliyafungua magurudumu matatu yaliyobaki ya namba nne, na katika kila tairi alimkuta mumewe. Ya mbele mawili yalikuwa mazima, ndani safi, maandishi yamekaa kama yaliandikwa jana. La nyuma lilikuwa na mduara wa unga. Alilitazama lile hamsini na ule mkunjo, akapitisha kidole juu yake mara moja, akaliviringisha hadi kwenye rundo la kutupwa. Hakusita, maana mumewe pia asingesita.

Vihisi alivifunga taratibu. Mdomo wa mashine ukikosea kidogo tu unakivunja kihisi, kwa hiyo kila alipokandamiza alihakikisha valvu iko mbali na mdomo ule. Aliwakataza madereva kumimina dawa ya pancha ndani, isije ikaziba tundu ambalo kihisi hupimia. Aliwaeleza kwamba magurudumu yakibadilishana nafasi lazima yeye aitwe akifundishe kioo upya, la sivyo kitalaumu la mbele kwa kosa la nyuma. "Na hilo," alisema, "tumeshalifanya hapa." Kiyoyozi akainamisha kichwa, kisha akacheka, na wote wakacheka, hata shemeji mwenye ndoo na tambara.

Kabla ya kuyafunga matairi alitoa chaki. Kwenye mapya mawili aliandika peke yake. Kwenye yale ya mbele aliandika chini ya mkono wa mumewe: tarehe, *hamsini*, na mstari. Mkunjo ulimshinda. Wake ulitoka umenyooka kidogo, kama mkia wa paka anayewinda. Akauacha hivyo.

Wiki ya tano baridi iliingia. Alfajiri moja ya Jumatatu alifika yadi na geji yake, kama alivyokuwa akifanya sasa kila wiki, akakuta makabidhiano yanaanza. Ilikuwa siku ya pili ya shemeji kurudi kwenye usukani, na zamu ya usiku ilikuwa yake. Alifagia. Akafuta kioo. Akakunja shuka la machela. Akawasha gari, na kutoka kwenye dashibodi ya namba nne ikasikika sauti nyembamba inayorudiarudia, na taa nyekundu kwenye kioo kidogo.

Madereva wote waligeuka. Mkono wa shemeji ulikwenda chini ya usukani wenyewe, kwa mazoea. Ukasimama hewani. Akaurudisha.

Alishuka, akatembea hadi kwa Kiyoyozi, akampa funguo kwa mikono miwili mbele ya watu wote, huku gari linalia nyuma yake.

"Nakukabidhi namba nne," alisema. "Lina taa. Nyuma kulia, arobaini na moja. Liko safi."

Kiyoyozi alizipokea, naye kwa mikono miwili. "Nimelipokea na taa yake."

Mama Upepo alikuwa ameshavuta mpira wa kompresa. Alichuchumaa nyuma kulia, akafungua kifuniko cha njano, akakaza valvu iliyolegea ikivuja, akajaza, akasikiliza. Arobaini na tano. Arobaini na nane. Juu ya dashibodi sauti ilikatika yenyewe. Hamsini. Ukutani nyuma yake, mahali pa matangazo, Mkuu wa Usafiri alikuwa amebandika karatasi mpya iliyopigwa chapa: UTARATIBU WA BWANA UPEPO. JAZA KWANZA. Jina lake liliandikwa, kama ilivyosemwa kwamba litaandikwa.

Simu ya dharura ililia. Kiyoyozi akapanda, muuguzi akarukia nyuma, na namba nne likatoka getini king'ora kikifunguka. Shemeji alikuja akasimama kando yake, amebeba ndoo ambayo hakuwa tena na sababu ya kuibeba.

"Utampitia mama leo?" Mama Upepo alimuuliza.

"Nitampitia."

"Pitia na mikate. Jumatatu alizoea kuletewa na kaka yako."

Alisimama akiangalia mpaka gari likapanda mteremko, magurudumu yote manne yakizunguka sawasawa, yamejaa.